Maswali ya Wasomaji: Tunu Ndogo za Safari ya Ulaya

Barua nyingi zilizofika mezani mwezi huu zinauliza jambo lile lile kwa sura mbalimbali: mtu anakwenda Ulaya, au ndiyo kwanza amerejea kutoka huko, na anataka kujua ni kitu gani kidogo kinachofaa kununuliwa, mahali gani, na kwa hadhari ipi. Nimechagua nane na kuzifupisha. Msomaji ataona kitenzi kimoja kikijirudia katika majibu yangu, nacho ni "geuza". Nimepekua meza za wauza vikorokoro kwa miaka mingi, na bado naamini kwamba upande wa chini wa kitu husema kweli kuliko upande wake wa juu, na kuliko mdomo wa anayekiuza.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Mwaka jana nilinunua farasi mdogo wa kioo katika duka moja karibu na Daraja la Rialto, mjini Venice, kwa euro 9. Muuzaji alisema ni kioo cha Murano, kile kisiwa cha mafundi wa kioo. Sasa rafiki yangu ananicheka na kudai kwamba farasi huyo hajawahi kuiona Murano hata kwa mbali. Nitajuaje ukweli? Na nikirudi huko, ninunue wapi?

JIBU: Marahaba. Mlaze farasi wako ubavu chini ya taa kali, kisha pitisha ukucha tumboni mwake taratibu, kuanzia kifuani hadi mkiani. Ukucha ukikwama kwenye mstari mwembamba ulionyooka, huo ni mshono wa kalibu, na maana yake ni kwamba kioo kilimiminwa katika kalibu ya vipande viwili, pengine pamoja na farasi wengine elfu wa sura hiyo hiyo. Fundi wa Murano anapotengeneza farasi mbele ya wageni huchota donge la kioo cha moto kwa ncha ya fimbo ya chuma, akalivuta kwa koleo likatoa shingo, akalibana likatoa miguu, akalichana likatoa manyoya ya shingoni, na yote hayo huyamaliza kabla donge halijapoa, yaani katika dakika moja au mbili hivi. Ndiyo maana farasi wawili wa fundi mmoja hawafanani sawasawa; mmoja atakuwa na shingo ndefu kidogo, mwingine ataelemea upande mmoja kama aliyechoka. Ukimgeuza, utaona pia kovu dogo mahali alipokatwa kutoka kwenye fimbo. Kovu hilo watu wengi hulidhani ni dosari, kumbe ndilo cheti chake cha kuzaliwa.

Mafundi wa kioo wa Venice walihamishiwa kisiwa cha Murano mwaka 1291, kwa amri ya watawala wa Jamhuri ya Venice waliohofia kwamba matanuri yangeuteketeza mji ambao wakati huo ulikuwa na majengo mengi ya mbao. Jina la kisiwa limekuwa mtaji tangu hapo, na kama ilivyo kwa kila mtaji, wapo wanaoutumia pasipo kuwa wenyewe. Mwaka 1994 mkoa wa Veneto ulitunga sheria iliyoanzisha chapa ya "Vetro Artistico Murano", ambayo hubandikwa kwenye bidhaa pamoja na namba ya karakana. Si kila fundi mwaminifu amejiunga na chapa hiyo, kwa hiyo kukosekana kwake si ushahidi wa udanganyifu. Lakini duka lenye kibandiko kisemacho tu "mtindo wa Murano" limekwisha kukiri lenyewe.

Safari hii usinunue Rialto. Nenda kwenye gati la Fondamente Nove, panda chombo cha abiria cha namba 4.1 au 4.2, na baada ya dakika kama kumi utakuwa Murano, ambako unaweza kumtazama fundi akifanya kazi kisha ukanunua kwenye kaunta yake. Kama fedha ni kidogo, achana na wanyama na uangalie ushanga uliotengenezwa mmoja mmoja kwenye mwali wa taa. Mimi binafsi naupenda kuliko kitu kingine chochote cha Venice, kwa kuwa ni mwepesi, hauvunjiki kwa urahisi, na una historia inayotugusa: ile samesame nyekundu iliyobebwa na misafara ya karne ya 19 kwenda bara ilitoka katika karakana za huko huko. Shanga tatu zilizotungwa kwenye uzi mmoja ni zawadi kamili.

Jambo moja kabla hatujatoka Venice. Mikoba na miwani yenye majina makubwa inayotandazwa juu ya shuka madarajani ni bidhaa bandia, na sheria ya Italia humwadhibu hata mnunuzi. Faini yake inaweza kufika euro 7,000.

SWALI: Mama yangu anatimiza miaka sabini, nami nitapita London na Paris kikazi. Ningependa kumletea kitu cha madini ya fedha, cha zamani na kidogo, kama vile kijiko au pini ya kifuani. Sina utaalamu wowote. Nitaepukaje kuuziwa bati?

JIBU: Kaka, nunua kwanza lenzi ndogo ya kukuzia, ile ya masonara inayoingia mfukoni. Fedha ya Uingereza ni rahisi kusomeka kuliko gazeti, kwa kuwa nchi hiyo imekuwa ikipima madini na kuyapiga mihuri kwa karne nyingi. Geuza kijiko, utafute kwenye mgongo wa mpini mstari wa alama ndogo ndogo. Simba anayetembea huku ameinua mguu mmoja wa mbele ni alama ya fedha safi ya kiwango cha sehemu 925 katika 1,000. Kichwa cha chui kinasema kwamba kitu kilipimwa London, nanga ni Birmingham, ngome ni Edinburgh, na waridi ni Sheffield, ingawa vijiko vya Sheffield vya kabla ya mwaka 1975 vina taji badala ya waridi. Herufi moja peke yake ndani ya kijisanduku huonyesha mwaka wa kupimwa, na herufi mbili au zaidi mara nyingi ni za fundi mwenyewe. Inashangaza kuona nanga ikiwakilisha Birmingham, mji usio na bahari, lakini ndivyo ilivyo.

Ukikuta herufi EPNS, weka kijiko chini bila chuki. Hicho ni cha madini meupe yaliyopakwa fedha kwa umeme. Kinapendeza mezani, lakini bei yake iwe ya chini sana. Fahamu pia kwamba vitu vyepesi mno, vya fedha isiyofikia gramu 7.78, havilazimiki kisheria kupigwa mihuri nchini Uingereza, kwa hiyo hereni ndogo isiyo na simba haijahukumiwa bado.

Nchini Ufaransa utatafuta kichwa cha Minerva, mungu wa kike wa Kirumi aliyevaa kofia ya chuma, ambacho kimetumika kwa fedha tangu mwaka 1838. Ni kidogo kama punje ya ufuta, na hapo ndipo lenzi yako itakapolipa gharama zake. London, meza za Barabara ya Portobello hujaa vitu vya kale siku ya Jumamosi. Fika asubuhi, kwa sababu mchana watalii hujazana hata usiweze kuinua kitu ukakitazama vizuri. Paris, soko la Saint-Ouen hufunguliwa Jumamosi, Jumapili na Jumatatu, nalo ni kubwa kiasi cha kupoteza nusu siku. Lile la Porte de Vanves, la asubuhi za Jumamosi na Jumapili, ni dogo, lina bei nyepesi, na kwa kijiko kimoja linatosha.

Onyo moja zito. Katika meza hizo hizo utaona visu vyenye mipini myeupe inayong'aa kama maziwa, na vitana au visanduku vya rangi ya asali yenye madoa meusi. Mipini hiyo huenda ni pembe za ndovu, na vitana ni ng'amba. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2018 kuhusu pembe za ndovu, iliyoanza kutumika mwaka 2022, imepiga marufuku biashara yake isipokuwa kwa mambo machache sana, na mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, unadai kibali cha kuvusha vitu vya aina hiyo mipakani hata kama ni vya miaka mia. Muuzaji akikuambia kwamba ni vya kale na hivyo havina tatizo, atakuwa amesema nusu ya habari. Nusu iliyobaki utaisikia kwenye meza ya forodha.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi. Nina begi moja la mgongoni na euro 50 kwa zawadi zote, na nitapita Paris, Marseille, Brussels na Madrid. Sitaki kurudi na minara ya Eiffel ya plastiki. Nifanyeje?

JIBU: Euro 50 ni nyingi, mdogo wangu, kwa mtu anayejua kuamka mapema. Panga safari yako kwa siku za magulio. Brussels kuna soko la vikorokoro katika uwanja wa Jeu de Balle kila siku, na Madrid kuna El Rastro asubuhi za Jumapili na sikukuu. Chukua sarafu na noti ndogo, maana mtu anayeuza funguo za kutu hatakuwa na chenji ya noti ya euro 50.

Nitakueleza kwa kirefu kitu kimoja tu, kwa kuwa ndicho ninachokipenda kwa bajeti kama yako: postikadi za zamani. Wauzaji wa Ufaransa huziweka katika masanduku marefu ya kadibodi, zikiwa zimepangwa kwa mikoa na miji, na nyingi huuzwa kwa bei ya kikombe cha kahawa au chini ya hapo. Watu huzitazama picha wakapita. Wewe geuza. Nyuma utakuta maandishi ya wino uliofifia, stempu, na mhuri wa posta wenye tarehe. Ukiona upande wa nyuma hauna mstari wa kuugawa, ukawa wa anwani peke yake, na salamu zimebanwa pembeni mwa picha, basi kadi hiyo kwa kawaida ni ya kabla ya mwaka 1904 hivi, kwa sababu hadi wakati huo posta ya Ufaransa haikuruhusu ujumbe uandikwe upande wa anwani. Kadi kumi haziongezi hata uzito wa soksi katika begi lako, na kila atakayepewa atapata picha pamoja na siri ya mtu asiyemjua.

Mjini Paris, kandokando ya mto Seine, kuna wauza vitabu wenye masanduku ya kijani yaliyofungwa kwenye kuta za mto. Kila mmoja ana masanduku manne, na kanuni za jiji zinamruhusu kuweka vikumbusho vya watalii katika sanduku moja tu. Pita hilo, uende kwenye yale matatu. Huko utapata majarida, ramani na picha za kuchapwa. Ukiona picha ina ukingo uliokatwa kwa mkasi na mashimo ya uzi upande mmoja, ilichanwa kutoka kitabuni, na hapo uamuzi ni wa dhamiri yako.

Marseille nunua sabuni, lakini soma mche wenyewe kabla ya karatasi. Jina "savon de Marseille" limetumiwa na kila mtu, hata viwanda vilivyo mbali sana na mji huo. Mche wa asili una maandishi ya "72%" yaliyogandamizwa kwenye uso wake, yakimaanisha kiwango cha mafuta. Rangi yake ni kijani kibichi cha mzeituni au nyeupe ya maziwa, na haunukii waridi, lavanda wala limau. Wa zambarau wenye manukato ni sabuni nzuri tu ya kuogea, ila si ule wa asili.

Kuhusu kupatana bei: katika magulio inaruhusiwa, lakini kwa upole. Anza kwa "Bonjour" kabla hujagusa kitu, kwa kuwa Mfaransa asiyesalimiwa huwa ameshakasirika kabla hujataja bei. Kisha chukua vitu viwili au vitatu kwa pamoja na uulize bei ya vyote, atapunguza mwenyewe. Dukani, penye bei iliyobandikwa, usijaribu.

Na ukipanda kilima cha Montmartre, kule Paris, ukakutana na vijana wanaotaka kukufunga uzi wa rangi kwenye kifundo cha mkono huku wakikuita rafiki, weka mikono mfukoni uendelee kupanda ngazi. Uzi huo hufungwa bure, ila haufunguliwi bure.

SWALI: Nasikia mgeni hurudishiwa kodi ya VAT akinunua vitu Ulaya. Dada yangu alijaribu akaambulia patupu. Utaratibu ukoje hasa?

JIBU: Pole kwa dada. Haki hiyo ni ya mtu anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya, na vitu lazima vitoke katika Umoja huo kabla ya kwisha kwa mwezi wa tatu baada ya mwezi wa ununuzi. Wengi hukosea mahali pawili. Kwanza, fomu huombwa dukani wakati wa kulipa, kwa kuonyesha pasipoti. Risiti ya kawaida haitoshi. Pili, fomu hugongwa mhuri na forodha, au husomwa na mashine, katika kituo cha mwisho cha kutokea Umoja wa Ulaya. Ukitoka Roma kupitia Frankfurt na vitu vimo katika begi la mkononi, mhuri kwa kawaida ni wa Frankfurt. Na kama vitu vimo katika begi kubwa, pitia forodha kabla hujalikabidhi, kwa maana ofisa ana haki ya kutaka kuviona. Nadhani hapo ndipo wengi hukwama.

Kila nchi ina kiwango chake cha chini kwa risiti: Ufaransa ni zaidi ya euro 100, Italia ni zaidi ya euro 70 tangu Februari 2024, Ujerumani ni zaidi ya euro 50, na Hispania iliondoa kiwango mwaka 2018. Uingereza usijisumbue, Uingereza bara ilifuta utaratibu huu kwa wasafiri tarehe 1 Januari 2021.

Usitarajie makubwa. Kodi ya Ufaransa ni asilimia 20, lakini imo ndani ya bei, hivyo kwa kitu cha euro 120 kodi yenyewe ni euro 20, na kampuni inayoshughulikia marejesho hukata ada yake humo humo. Muuza vikorokoro wa gulioni hana fomu hizo kabisa. Kwa hiyo kama ununuzi wako ni vitu vidogo vidogo, njia pekee yenye maana ni kuvikusanya katika duka moja.

Kuna akiba nyingine iliyo rahisi zaidi. Mashine ya kadi ikikuuliza kama unataka kulipa kwa euro au kwa sarafu ya kadi yako, chagua euro. Ukichagua sarafu yako, unakubali kiwango cha kubadilishia walichokipanga wao, nacho hakijapata kuwa cha huruma.

SWALI: Ni vitu gani vidogo ambavyo vitaniletea matatizo uwanja wa ndege?

JIBU: Nitaanza na aibu yangu mwenyewe. Mjini Vienna, katika mtaa wa Hernals, iko karakana ya familia inayotengeneza yale matufe ya kioo ambayo ukiyatikisa theluji huanguka ndani yake. Aliyeyabuni ni Erwin Perzy, fundi wa vifaa vya upasuaji, mnamo mwaka 1900 hivi, alipokuwa akitafuta namna ya kuongeza mwanga wa taa kwa ajili ya madaktari. Alimwaga chembe nyeupe ndani ya tufe lenye maji, taa haikung'aa kama alivyotaka, ila akaona theluji. Wazao wake bado wanaitengeneza theluji hiyo kwa kanuni wanayoificha. Nilinunua tufe moja saa chache kabla ya ndege, nikalifunga ndani ya sweta, nikaliweka katika begi la mkononi. Kwenye ukaguzi, ofisa kijana alilitikisa mara moja, akatazama theluji ikitua hadi chembe ya mwisho, akaniambia kwa adabu kwamba hayo ni maji, kisha akaliweka katika pipa lililokuwa tayari na matufe mengine manne. Kanuni ya mililita 100 bado inatumika katika viwanja vingi, na tufe halina kipimo kilichoandikwa ubavuni. Liweke katika begi kubwa, ndani ya soksi nene.

Visu vidogo vya kukunja vya Uswisi navyo viende katika begi kubwa. Vitunguu vya maua ya tulipu, vinavyouzwa kwenye soko la maua la Amsterdam kando ya mfereji wa Singel, vinahitaji cheti cha afya ya mimea ili viingie katika nchi nyingi za nje ya Ulaya, kwa hiyo mwulize muuzaji kuhusu cheti hicho kabla ya kulipa. Jibini na soseji ni suala la nchi unayorudi. Uliza kabla, au uvile huko huko.

SWALI: Mume wangu ana tabia ya kuokota. Pwani ya Sardinia, kile kisiwa cha Italia, aliokota mchanga mweupe katika chupa, na sasa tunajiandaa kwenda Ugiriki na Ureno. Je, kuna ubaya gani? Havina mwenyewe.

JIBU: Vina mwenyewe, dada yangu, na mwenyewe ana polisi. Sardinia ina sheria ya mkoa ya mwaka 2017 inayomtoza faini ya euro 500 hadi 3,000 mtu anayechukua mchanga, kokoto au kombe za pwani zake. Mwaka 2019 wanandoa wa Kifaransa walikamatwa na chupa zenye mchanga wa kilo 40 hivi ndani ya gari lao. Chupa moja yaonekana ndogo, lakini kila mwaka hupita watu wengi sana, na kila mmoja akiwa na chupa yake, pwani hubaki mwamba mtupu.

Ugiriki aache kabisa kuinama katika magofu. Kigae cha chungu chenye ukubwa wa ukucha ni mali ya kale, mali ya kale ni ya dola, na kesi yake ni ya jinai. Mamlaka za magofu ya Pompeii, kule Italia, zimekuwa zikipokea kwa posta mawe na vipande vya vigae vilivyoibwa na watalii, vikiambatana na barua za kuomba radhi, na baadhi ya waandishi hao husema wameandamwa na mikosi tangu siku waliyovichukua. Siamini mikosi, ila nampongeza aliyelipa stempu.

Ureno ina mtihani wake. Vigae vya rangi ya buluu, wenyewe huviita azulejo, hung'olewa usiku kutoka kwenye kuta za nyumba za zamani na kuuzwa kimoja kimoja, hata wizi huo ukawafanya polisi wa upelelezi wa nchi hiyo kuanzisha mradi maalumu wa kuvilinda mwaka 2007. Kwenye gulio la Feira da Ladra la Lisbon, linalofanyika Jumanne na Jumamosi, mumeo atakutana navyo. Mwambie ageuze. Akiona chokaa ya zamani imeganda nyuma na pembe zina majeraha meupe, mapya, ya tindo, basi kigae hicho kilikuwa ukutani si muda mrefu uliopita, na pale kilipotoka pamebaki shimo la mraba. Karakana ya Sant'Anna, iliyoanza mwaka 1741, bado inachora vigae vipya kwa mkono. Kimoja chake kitamfaa, na hakuna atakayemuuliza kilitoka wapi.

SWALI: Nitapita Gdańsk, Poland, na Bruges, Ubelgiji. Nimeambiwa ninunue kaharabu na lesi. Ni kweli?

JIBU: Ni kweli, kwa macho mawili. Lesi ya mkono ya Bruges hufumwa kwa vijiti vingi vinavyopishanisha nyuzi juu ya mto kama wa kulalia, na kipande cha ukubwa wa kiganja huchukua saa nyingi mno, kwa hiyo kitambaa kizima cha meza kwa bei ya chakula cha mchana hakikufumwa kwa mkono, wala pengine hakikufumwa Ubelgiji. Pita kwanza katika kituo cha lesi cha Kantcentrum uwaone wafumaji wakifanya kazi, ndipo uende madukani. Macho yatakuwa yamesomeshwa tayari.

Kaharabu ya Gdańsk huuzwa hasa katika mtaa wa Mariacka. Ni utomvu wa miti uliogeuka kuwa kama jiwe, hivyo ni nyepesi, na ukiishika huwa na uvuguvugu, si baridi kama kioo. Kwa shanga zisizofungwa kwenye fedha kuna jaribio la jikoni: koroga vijiko saba au vinane vidogo vya chumvi katika bilauri ya maji, kisha tumbukiza shanga. Kaharabu huelea, ilhali kioo na plastiki nyingi huzama. Nasema nyingi, kwa sababu zipo plastiki zinazoelea pia, na utomvu mchanga usiokomaa huelea vilevile. Jaribio humkamata mwongo mjinga tu. Kwa kitu cha bei kubwa, nunua kwa sonara anayekupa cheti.

SWALI: Nina wajukuu wanne wanaogombana kwa kila zawadi. Nataka kitu kidogo, cha thamani sawa, kisicho peremende. Nitatembea nchi tano za Ulaya.

JIBU: Shikamoo babu. Umekwisha kuvibeba mfukoni bila kujua. Sarafu za euro zina upande mmoja unaofanana kote, wenye thamani na ramani, na upande wa pili ambao kila nchi huchora yake. Sarafu ya euro 1 ya Austria ina sura ya Mozart, ya Italia ina yule mtu wa Leonardo da Vinci aliyetanua mikono ndani ya duara, ya Ireland ina kinubi, na ya Ugiriki ina bundi aliyenakiliwa kutoka sarafu ya kale ya Athens. Zote hutumika katika nchi zote zinazotumia euro, kwa hiyo zimesafiri na kuchanganyika, na ya Ireland unaweza kuikuta katika chenji ya mkate huko Lisbon. Kila ukirudishiwa chenji, zigeuze mezani kabla hujazitia mfukoni, na uchague nne zisizofanana. Ukipata ya Monaco au ya Vatikani, usiinunulie kahawa. Hizo hutengenezwa chache, na wakusanyaji hulipa zaidi ya thamani iliyoandikwa juu yake. Ila hapo, babu, ugomvi wa wajukuu utarudi pale pale, kwa hiyo hiyo moja ifiche ubaki nayo mwenyewe.